Kuongeza midomo: sindano, mafuta ya mwilini au upasuaji?

Nuru_Uyole: Ndugu zangu, nimeamua kuongeza ujazo wa mdomo wa juu. Nimetajiwa sindano ya asidi ya hayaluroni (jeli ya kujazia), kuhamishiwa mafuta kutoka tumboni, na upasuaji wa kuinua mdomo. Ninaishi Mbeya, daktari yuko Dar es Salaam. Naomba mnilinganishie.

Ndaga_Tukuyu: Dada Nuru, asidi hiyo hudumu kwa kawaida miezi 6 hadi 12, hivyo gharama yake ni ya kujirudia, lakini ikikaa vibaya huyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi. Mafuta huweza kudumu zaidi, ingawa sehemu yake hufyonzwa na mwili kwa kiasi kisichotabirika. Upasuaji haujazi chochote: hupunguza ngozi iliyo chini ya pua na huacha kovu, kwa hiyo mwenye historia ya keloidi (kovu linalovimba na kukua kupita kiasi) auepuke.

Kijana_Mwanjelwa: Kuna saluni wanaosukuma dawa kwa kalamu isiyo na sindano, kwa bei nafuu sana. Je, hiyo haifai?

Muuguzi_Iringa: Haifai hata kidogo, mdogo wangu. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasitumie kalamu hizo, na silikoni ya maji, ambayo wengine hudungwa badala ya asidi hiyo, ni mbaya zaidi kwa sababu haiyeyushwi, na huweza kuhama au kuota vinundu hata baada ya miaka.

Dada Nuru, kwako naona umbali ndio jambo kubwa. Asidi hiyo ikiziba mshipa wa damu, tishu huanza kufa; dalili zake ni maumivu makali na ngozi kupauka au kuwa na madoa kama wavu, na kwa ngozi nyeusi mpauko huo hupita kwa urahisi bila kuonekana. Ukiwahi basi la alfajiri, dalili zinaweza kukukuta njiani, katika safari ya zaidi ya kilometa 800, mahali pasipo na hayaluronidesi. Kaa Dar es Salaam siku mbili tatu, na kabla ya yote uliza kama daktari anayo hayaluronidesi chumbani mwake. Kama baridi ya Juni hukutoa malengelenge mdomoni, mwambie pia, kwani sindano huweza kuyaamsha.

Nuru_Uyole: Asante sana, dada. Nina keloidi sikioni, hivyo upasuaji nimeuacha. Nianze na kiasi gani?

Muuguzi_Iringa: Mwombe daktari aanze na nusu mililita. Uvimbe ukishaisha, baada ya wiki mbili hivi, mtaona kama kuna haja ya kuongeza.