Naomba ushauri: keki ya chokoleti isiyo na ngano kwa komunyo ya binti yangu

MamaPasua

Habari zenu wapendwa. Nipo Moshi. Binti yangu ana miaka tisa, na mwisho wa mwezi ujao anapokea komunyo ya kwanza. Mwaka juzi, baada ya kuhangaika muda mrefu na tumbo kujaa, kuharisha na mtoto kutoongezeka uzito, tuliambiwa ana ugonjwa wa seliaki. Gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike ukiukanda, ikiingia tumboni mwake kinga ya mwili inageuka inaushambulia utumbo mdogo. Dawa ni kutokula ngano wala shayiri maisha yake yote.

Chakula cha kila siku hakinisumbui. Ugali, wali, mtori, kiburu, viazi, maharage, vyote anakula. Shida ni keki. Mnajua sherehe zetu zilivyo: mtoto anakata keki, anamlisha bibi, anamlisha baba na mama, anawalisha wasimamizi, halafu na yeye analishwa huku watu wanapiga vigelegele. Kwenye siku yake ya kuzaliwa iliyopita nilimpa kazi mpishi mmoja wa keki hapa mjini, nikamweleza kila kitu, akaniahidi atatumia unga wa mchele. Mtoto akala vipande viwili kwa furaha. Saa tano usiku nilikuwa nimemshika kichwa chooni anatapika, na tumbo lilimsumbua wiki nzima. Nilipompigia yule dada akasema unga wa mchele alitumia kweli, ila trei alizipaka siagi na kuzinyunyizia unga wa ngano ili keki isishike. "Kidogo tu," akasema.

Tangu siku ile mtoto akiona keki anarudi nyuma. Safari hii nataka nioke mwenyewe, iwe ya chokoleti kama alivyoomba. Sina oveni, nina jiko la gesi na la mkaa. Unga wa lozi niliuona dukani nikasoma bei nikaurudisha mahali pake. Nataka vitu vya hapa hapa sokoni Mbuyuni. Nimejaribu mara moja na unga wa mchele wa dukani, ikatoka kavu na inakwaruza ulimi kama mchanga. Nisaidieni.

KakaKibo

Pole sana dada. Mbona usitumie ule unga wa ngano wa kahawia usiokobolewa? Mke wangu anautumia kwa chapati, wanasema una afya zaidi.

NesiMstaafu

Hapana mwanangu, usimpe. Usiokobolewa ni ngano ile ile pamoja na pumba zake, na gluteni imo yote. Najua umeandika kwa nia njema, lakini wazazi wengi wanakosea hapo hapo.

Mama, kwa mgonjwa wa seliaki "kidogo tu" haipo. Vumbi la ngano kwenye trei linatosha kumuumiza, na hata siku asipotapika utumbo unaweza kuwa unaumia kimya kimya. Angalia sana mashine ya kusaga. Ukipeleka mchele au ulezi wako kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, kilo za kwanza zinatoka na ngano ya mwenzako. Unga wa lishe wa uji nao uulizie, wengine wanachanganya ngano ndani. Chekecheo la plastiki ulilolitumia kwa ngano usilitumie, matundu yake hayatakati. Nunua jipya na uliandike jina la mtoto.

Na kokoa iwe kokoa tupu. Vile vinywaji vya chokoleti vya kopo vingine vina kimea, na kimea mara nyingi ni shayiri. Soma kopo mpaka mwisho.

MokajiNjiro

Dada, mimi naoka keki za biashara Arusha, nina wateja wawili wenye hali kama ya binti yako. Nikueleze kwanza kwa nini ile yako ilitoka kama mchanga, maana ukilijua hilo mengine yatakuwa mepesi.

Gluteni ndiyo inayoshikilia keki ya kawaida. Ukiitoa, lazima kitu kingine kishike: mayai, au wanga ulioiva kama ndizi mbivu au kiazi kilichopondwa. Wewe ulitoa ngano ukaweka mchele, ukaacha mengine vile vile. Tena punje ya mchele ni ngumu, inachelewa kunywa maji. Ukioka mara tu baada ya kuchanganya, inaingia motoni ikiwa bado na kiu. Rojo la mchele liache likae nusu saa kabla ya kuoka.

Lakini kwa chokoleti mimi ningeacha unga kabisa nikatumia karanga. Zina mafuta yake, kwa hiyo keki haikauki, na ladha yake na kokoa zinapendana. Ninavyofanya:

Karanga mbichi gramu 200, zichague kwa mkono. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi tupa, hapo ndipo sumukuvu inapokaa. Zikaange moto mdogo bila mafuta mpaka ganda lianze kupasuka, zisiive sana. Zikipoa zifikiche, zipepete kwenye ungo, pima gramu 150 safi. Saga kwenye blenda kavu pamoja na kokoa gramu 50, kama nusu kikombe. Kokoa inanyonya mafuta na kuzuia karanga zisishikane. Saga kwa kuachia achia, hesabu moja mpaka tatu, simamisha, tikisa, rudia. Ukiiacha blenda ikimbie bila kupumzika utapata siagi ya karanga, na hiyo hairudi kuwa unga.

Mayai manne, tenganisha ute na viini. Viini vichape na sukari kikombe kimoja kasoro mpaka vipauke, kisha mafuta ya alizeti mililita 100, kisha zile karanga na kokoa pamoja na maji ya moto nusu kikombe na chumvi kidogo. Maji yanaiamsha kokoa, utasikia harufu inabadilika. Ute uchape peke yake kwenye bakuli lisilo na tone la mafuta.

Hapa kuwa makini. Nilipohamia Arusha kutoka Dar, keki zangu zilikuwa zinapanda haraka halafu zinadumbukia katikati. Huku tupo kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mapovu yanatanuka upesi kuliko keki inavyoweza kukomaa. Moshi mpo chini kuliko sisi lakini si Dar pia. Kwa hiyo ute usiuchape mpaka ukawa mgumu kama sabuni. Ukinyanyua mchapo, ncha ya povu iiname kama kilemba. Hapo acha. Changanya kwa mwiko, ukikunja kutoka chini kuja juu, usikoroge.

Trei ipake mafuta, weka karatasi ya kuokea chini, na juu ya mafuta nyunyizia kokoa badala ya unga. Oveni ingekuwa nyuzi 170 kwa dakika 40. Bekingi pauda mimi siweki hapa, mayai yanatosha.

MamaPasua

Mokaji, Mungu akubariki. Nimesoma mara tatu. Kunyunyizia kokoa kwenye trei, jamani, kumbe jambo dogo hivyo lingemwokoa mtoto wangu. Sasa kwenye mkaa nafanyaje?

MokajiNjiro

Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu uliochekechwa kimo cha vidole viwili, funika, pasha dakika kumi na tano. Weka trei juu ya mchanga isiguse kuta. Mfuniko upalie makaa, juu yawe mengi kuliko chini. Usifunue kabla ya dakika 30. Kijiti kikitoka na chembe zenye unyevu, toa. Kikitoka kikavu kabisa umechelewa.

Na ikizama kidogo ikipoa, usilie. Keki isiyo na unga huwa inazama na kupasuka juu. Igeuze, chini kuwe juu, ndipo upambe.

UleziRombo

Kwa nini tunaruka ulezi? Hauna gluteni, na huku kwetu upo tangu mababu, kwa uji na kwa mbege. Rangi yake tayari ni ya chokoleti. Mimi nachanganya kikombe kimoja cha ulezi na ndizi kisukari tatu zilizoiva mpaka ganda limekuwa na madoa meusi, mayai matatu, kokoa vijiko vitatu, mafuta na sukari. Inatoka nzito, tamu, na kesho yake ni nzuri zaidi. Ila osha ulezi wako mwenyewe na usage nyumbani, hilo la mashine alilosema Nesi ni kweli kabisa.

Tena mama, karanga kwenye sherehe yenye watoto wengi uliza kwanza. Kuna mtoto karanga inamziba koo.

MokajiNjiro

Umesema vyema, ningepaswa kuanza na hilo. Kama kuna mtoto wa karanga kati ya wageni, nenda na ulezi.

BibiPangani

Wajukuu zangu, nimewasoma nikashangaa mnavyotaabika. Mimi ni mtu wa Pangani, nimeolewa huku Moshi miaka mingi. Kwetu mkate wa kumimina tangu lini ukawa na ngano? Ni mchele na tui. Vitumbua navyo ni mchele. Tumekula Ramadhani na Idi miaka yote na hakuna aliyeuita chakula cha wagonjwa.

Mwanangu, usinunue unga. Chukua vikombe viwili vya mchele, osha, loweka usiku kucha. Mchele ukilowa unakuwa laini, ukiubana kwa kucha unakatika. Asubuhi mwaga maji, saga kwenye blenda na tui zito la nazi moja mpaka ukipitisha kidole usikute punje hata moja. Huo mchanga ulioukuta ni wa mchele uliosagwa mkavu. Tia hamira kijiko cha chai kimoja na sukari kikombe kimoja kasoro, funika, acha uumuke mpaka uone mapovu juu. Mwisho ndipo unatia ute wa mayai mawili uliochapwa. Binti anataka chokoleti? Tia kokoa vijiko vitatu vya chakula wakati wa kusaga. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta ikapata moto, pika moto wa chini mdogo mpaka pembeni pakauke, kisha palia makaa juu. Ukiukata utauona umejaa matundu kama sega la nyuki.

MamaPasua

Shikamoo Bibi. Machozi yamenitoka. Nimekula mkate wa kumimina mara ngapi kwa jirani, sikuwahi kufikiria.

BibiPangani

Marahaba mwanangu.

KatekistaMarangu

Bwana Yesu asifiwe. Mama, naona mmeshughulikia keki vizuri, lakini je, hostia? Hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo, ni ya ngano. Umeshamwona paroko?

MamaPasua

Tumsifu Yesu Kristo. Sijaonana naye bado. Nilikuwa naogopa kuambiwa mtoto hawezi kupokea.

KatekistaMarangu

Usiogope, anaweza. Waraka wa Vatikani wa mwaka 2017 ulirudia utaratibu uliokuwepo: hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Misa, ila yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa. Asiyeweza hata hiyo anaruhusiwa kupokea Damu ya Kristo peke yake, yaani katika umbo la divai, na amempokea Kristo mzima. Mweleze padre mapema, na omba kikombe chake cha pekee, maana kwenye kikombe kikuu padre hudondosha kipande cha hostia. Nenda wiki hii, usingoje mafungo.

NesiMstaafu

Nakuunga mkono katekista. Hiyo ya gluteni kidogo nayo asipewe kabla hujamuuliza daktari wake.

MamaPasua (baada ya siku tisa)

Nimerudi na majibu. Paroko amenipokea vizuri sana. Kikombe kitakuwa cha pekee na mtoto atapokea wa kwanza kabla ya wenzake.

Keki: Jumamosi nimeoka ya karanga na ya ulezi. Ya ulezi chini iliungua, makaa ya chini yalizidi, lakini juu ilikuwa tamu. Ya karanga ilizama katikati kama Mokaji alivyosema, ikapasuka ufa mrefu. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, hasogei. Nikamwonyesha kila kitu nilichotia, kopo la kokoa akalisoma mwenyewe kwa sauti, kisha akauliza, "Na trei ulipaka nini?" Nikamwambia kokoa. Akaja akaingiza kidole kwenye ule ufa, akakilamba, akaingiza tena. Tumengoja usiku, tumengoja asubuhi, tumbo halikumsumbua.

Nimeuliza wazazi wa wenzake, kuna mtoto mmoja wa karanga, kwa hiyo hiyo tutaila sisi nyumbani. Siku yenyewe keki ya meza kuu itakuwa ya ulezi, wageni wote wale hiyo hiyo, ili anayelisha na anayelishwa wasiwe na vipande viwili tofauti. Na mkate wa kumimina wa kokoa utakuwa pembeni kwa ajili ya chai. Bibi, kwenye huo wa kokoa iliki nitie, au zitagombana?

BibiPangani

Tia. Punje sita, zitwange na sukari kidogo zisiachie maganda. Na hamira ukiitia alfajiri, saa mbili utakuwa tayari kupika. Nitakuja mwenyewe nikusimamie mkaa.