Mume wangu figo zimefeli, naambiwa nisiwe kama mke wa Ayubu. Naombeni ushauri wapendwa

BintiPasua ameandika:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Moshi huku Pasua, mume wangu ni seremala na ni mzee wa kanisa hapa usharikani kwetu. Mwaka jana alianza kuvimba miguu, asubuhi anaamka na uso umejaa, tukasema ni uchovu wa kazi. Kwenda kupima tukaambiwa presha imekula figo zote mbili na zimefika mwisho. Sasa hivi anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila akienda ni masaa manne kwenye mashine, akirudi ni kitandani moja kwa moja hata kuongea hawezi. Maji anapimiwa kwa kikombe. Ndizi nazo kaambiwa apunguze sana kwa sababu ya potasiamu, mtu aliyekulia mtori na machalari, juzi mama mkwe kashuka na mkungu kutoka Kibosho ikabidi nigawie majirani na yeye amekaa pale anaangalia.

Tumeomba jamani. Tumefunga, jumuiya imekesha, mchungaji amekuja nyumbani na chakula cha Bwana, wamemwekea mikono. Hali ni ile ile ila hela ndo imeisha. Siku moja kwenye jumuiya nikashindwa kujizuia nikasema naona Mungu ametuacha, mama mmoja wa kwaya akanijibu mbele ya watu nisiwe kama mke wa Ayubu, yule aliyemwambia mumewe amkufuru Mungu, niangalie nisije nikamponza mume wangu. Tangu siku hiyo sina amani.

Alafu upande wa mume wamepata mtumishi fulani Arusha, anasema ni laana ya ukoo, eti babu yao alimdhulumu mdogo wake kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo. Anataka wauze hicho kipande ili itolewe sadaka ya ukombozi, na mume wangu aache mashine wiki nzima kuonyesha imani. Mume wangu amekataa ila naona wanavyomuandama anaanza kulegea, maana na yeye anataka kupona.

Na mimi mwenyewe siwezi kuomba tena. Ndo ninayeongoza maombi ya jumuiya yetu jumamosi, nafumba macho nafungua mdomo hakuna kinachotoka. Je nijiuzulu? Na mtu aliyefika hapa bado ni Mkristo kweli? Naombeni ushauri bila kunihukumu.

---

Mlima_Meru:

Pole sana dada yangu. Hilo la kuacha mashine MSITHUBUTU. Narudi usiku nikitulia niandike vizuri.

---

Nesi_wa_Rau:

Mama pole. Mimi ni nesi mstaafu na ni Mkristo, nisikilize kwa makini. Mtu ambaye figo zimefika mwisho hana njia nyingine ya kutoa maji na sumu mwilini. Akiacha mashine wiki nzima maji yanaweza kujaa kwenye mapafu akashindwa kupumua, na potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama ghafla bila hata kuaga. Atakayemwambia aache hatakuwepo usiku huo, utakuwepo wewe na watoto.

Na hiyo ya laana, presha inaharibu figo taratibu miaka na miaka na mtu haumwi popote, anapiga randa kama kawaida, ndo maana wengi wanajua wakati figo zimeshakwisha. Hakuna fumbo hapo. Watoto wako na ndugu zake wote wapime presha, hiyo ndo kazi ambayo ukoo unatakiwa ufanye mwezi huu.

Lingine, hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Kama hela imeisha nenda ukae nao uwaeleze hali yenu yote, watu wengi wanaona aibu kwenda. Na kuhusu kupandikiza figo, Muhimbili wameanza 2017 na Benjamin Mkapa Dodoma 2018, anayetoa ni ndugu wa damu mwenye afya. Muulizeni daktari wake kama hali yake inaruhusu.

---

Imani_Isiyoyumba:

Dada Mungu wetu hashindwi na kitu, hao wanaokwambia habari za hospitali tu wanaipunguza nguvu ya Mungu. Yule mama aliyetokwa damu miaka 12 alimaliza mali zake zote kwa waganga na hawakumsaidia, alipofika kwa Yesu akapona saa hiyo hiyo. Mi nashauri mumsikilize huyo mtumishi, huwezi jua, imani lazima iambatane na kitendo.

---

Mwinjilisti_wa_Zamani:

Mwanangu BintiPasua, pole. Nimefanya kazi ya uinjilisti huku vijijini miaka mingi, nimekaa kwenye vitanda vya wagonjwa wengi, wengine waliinuka na wengine nimewazika mwenyewe.

Ndugu Imani_Isiyoyumba nakuheshimu na naamini Mungu anaponya, nimeona. Ila huyo mama uliyemtaja alitoa nini kwa Yesu? Aligusa vazi tu. Tena kwa siri, hakuombwa sadaka, hakuambiwa akauze shamba, na Yesu alipomjua akamwita binti, akamwambia aende kwa amani. Hela zake ziliishia kwa wengine kabla hajafika kwa Yesu. Kwahiyo mfano wenyewe unasimama upande wa huyu dada.

Alafu tuseme ukweli wa Maandiko. Paulo ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, huyo huyo anamwandikia Timotheo kwamba Trofimo amemwacha Mileto mgonjwa. Kamwacha mgonjwa! Hakuandika kwamba Trofimo alikosa imani. Timotheo mwenyewe alikuwa na tumbo linalomsumbua na magonjwa ya mara kwa mara, akaambiwa atumie mvinyo kidogo, yaani akapewa dawa ya wakati ule. Epafrodito aliumwa karibu kufa. Na Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake utolewe, jibu alilopewa ni neema, mwiba ukabaki. Sasa kama hao walibaki na magonjwa yao na ni watu wa Mungu, nani amempa mtu ruhusa ya kumwambia mzee wa kanisa wa Pasua kwamba ugonjwa wake ni ushahidi dhidi yake?

Kuhusu laana, soma Ezekieli 18, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Soma Luka 13, mnara wa Siloamu uliua watu 18 na Yesu akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine waliokuwa wanakaa Yerusalemu. Yohana 9 wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, akajibu si huyu wala wazazi wake.

Ila nakwambia na hili kama mzee. Kama kweli babu alichukua kipande cha mdogo wake, wazee wa ukoo wakae na watoto wa huyo mdogo, wachimbe ukweli, na kama ni dhuluma kirudi kwa wenyewe. Zakayo alirudisha kwa aliowadhulumu. Inakuwaje dhuluma ifanyike kwa ndugu alafu fidia ipelekwe kwa mtu wa Arusha ambaye hata kihamba hakijui kiko upande gani wa mto? Na hata kikirudi kwa wenyewe, msikirudishe ili figo zipone. Kirudi kwa sababu ni haki.

---

MamaTeddy_Machame:

Nimesoma hadi nimelia. Mimi nataka niongee kuhusu mke wa Ayubu tu, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo nilipofiwa na mwanangu.

Watu wanasoma ule mstari wa sura ya pili, mkufuru Mungu ufe, wanafunga kitabu. Wale watoto kumi, wa kiume 7 na wa kike 3, ni nani aliwabeba tumboni? Waliangukiwa na nyumba siku moja wote. Ng'ombe, ngamia na punda waliokwenda ni mali ya nyumba yake pia. Alafu mume anakaa kwenye majivu anajikuna kwa kigae na yeye ndo anayemuangalia. Marafiki watatu wametoka mbali wakaja kumfariji Ayubu, je kuna hata mmoja aliyemwambia yule mama pole? Hakuna. Biblia nzima hakuna aliyempa pole. Kasema sentensi moja ya uchungu na imemfuata mpaka leo, tena Ayubu mwenyewe alimwambia unanena kama mmoja wa wanawake wapumbavu, hakumwambia wewe ni mpumbavu, na hakumfukuza.

Sasa nenda mwisho kabisa sura ya 42 uone Mungu alimkasirikia nani. Ni wale marafiki watatu, Elifazi na wenzake wawili. Wale waliokuwa na majibu yote, waliosema lazima kuna dhambi mahali, hao ndo wakaambiwa hamkunena yaliyo sawa, na Ayubu ambaye alilalamika sura baada ya sura, akailaani siku aliyozaliwa, akamwambia Mungu mbona umenifanya shabaha yako, huyo ndo akaambiwa amenena yaliyo sawa. Mke hakutajwa kwenye hukumu ile. Mungu hakumgusa.

Kwahiyo dada yangu wewe uliposema naona Mungu ametuacha hukumponza mume wako. Ulisema kama Zaburi ya 22, ambayo Bwana wetu aliisema msalabani kwa sauti kubwa, watu wote wakisikia. Aliyekosea kwenye ile jumuiya ni aliyesimama kukunyamazisha. Simchukii huyo mama, nadhani aliogopa tu, watu wengi wakiona maumivu makubwa wanatafuta haraka kosa la mwenye maumivu ili wao wajione wako salama. Ila alikosea.

Kama uko Pasua nikishuka sokoni Mbuyuni nitakupitia, nitumie ujumbe.

---

Mkononi_Fistula:

Wakuu mimi ndo mgonjwa mwenyewe, niko kwenye hiyo mashine Arusha hapa hapa. Niwaambie kitu kutoka kwenye kiti.

Kinachoniumiza kuliko sindano ni watu wanaokuja kuniamuru nisimame kwa jina la Yesu, wanapiga kelele, nisiposimama wanaondoka wamenuna kama nimewaangusha. Yaani naumwa na bado nina kazi ya kulinda imani ya wageni. Marafiki wa Ayubu siku saba za kwanza walikaa naye chini bila neno, hizo ndo siku pekee walizofanya kitu cha maana. Mimi nina jirani yangu Muislamu anakuja ananisomea magazeti, basi, anaondoka. Huyo namuombea kila siku.

Dada, mume wako hahitaji uwe na nguvu muda wote. Mke wangu siku aliyolia mbele yangu akasema na yeye amechoka na haelewi Mungu anafanya nini, ndo siku tuliyoomba pamoja kwa mara ya kwanza tangu nianze kuumwa, maana kabla ya hapo kila mtu alikuwa anaigiza. Ongea naye. Nina hakika na yeye anayawaza hayo hayo ila ni mzee wa kanisa anaona aibu.

---

Mlima_Meru:

Nimerudi kama nilivyoahidi. Wenzangu wameshasema mengi, mimi niende kwenye swali lako la kuomba na la kujiuzulu.

Fungua Zaburi ya 88. Ni maombi ya mtu aliyeteseka tangu ujana, analia mchana na usiku, anamuuliza Mungu mbona unanificha uso wako, na haina ule mgeuko wa mwishoni wa kusema nitakusifu tena, inaishia gizani kabisa. Na bado waliitunza, wakaiweka kwenye kitabu cha nyimbo za hekaluni. Maana yake kulikuwa na siku ambapo kwaya ilisimama mbele za Mungu ikaimba hiyo. Kama huna maneno, soma hiyo kwa sauti, ukimaliza sema amina. Umeomba. Na bado anaanza na Ee Bwana, Mungu wa wokovu wangu, hajaenda kulalamikia mlango mwingine.

Pili, Marko 2. Yule mwenye kupooza alibebwa na watu wanne wakatoboa dari, na imeandikwa Yesu alipoiona imani YAO. Mgonjwa mwenyewe hatujui alikuwa anaamini nini siku ile, labda alikuwa amechoka kabisa. Dada wewe umebeba wengine jumamosi ngapi? Waambie wazi jumuiya, mimi kwa sasa siwezi kuongoza, nitakuja nitakaa, ombeni nyie. Usijiuzulu kwa siri na usikimbie. Kaa pale katikati yao hata kama mdomo umefungwa. Ukiacha kwenda kabisa utabaki na sauti ya huyo mtumishi peke yake na hapo ndo hatari ilipo.

Mimi natokea Meru. Pale Akeri mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliokuwa wameongozana nao kutoka huko kwenu Kilimanjaro. Nikipita pale nawaza hasa hao Wachaga, maana majina yao hayatajwi sana. Walikuwa wameomba kabla ya kulala usiku ule, bila shaka. Walikosa imani? Hakuna Mmeru wala Mchaga Mkristo atakayethubutu kusema hivyo, tunawaita mashahidi. Basi tusiwe na kipimo kimoja cha waliokufa zamani na kingine cha fundi seremala anayeumwa leo.

---

Imani_Isiyoyumba:

Nimesoma yote. Hilo la kuacha mashine nakubali si sawa, nilikuwa sijaelewa kwamba anaweza kufa ndani ya siku chache. Mungu amponye kaka yetu kwa njia atakayoona yeye.

---

BintiPasua:

Asanteni sana, sijui niseme nini. Usiku nilimsomea mume wangu uzi wote, alikuwa ametoka mashine lakini alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwa Mkononi_Fistula alinishika mkono akasema hata mimi mama watoto, hata mimi siwezi kuomba, naogopa kukwambia. Tukasoma hiyo Zaburi ya 88 tukasema amina tukalala.

Mashine haachi, amewaambia ndugu zake kwa simu mwenyewe. Kihamba hakiuzwi, baba mkubwa ataita kikao cha ukoo wachunguze hiyo habari ya babu kama Mwinjilisti alivyosema. Jumamosi ataongoza jirani yangu. MamaTeddy nimekutumia ujumbe, karibu sana.

Nesi wa Rau, shemeji yangu mdogo ndo yuko tayari kupimwa kutoa figo, ana miaka 29, aanzie wapi? Na ndizi hawezi kula kabisa au kuna namna?

---

Nesi_wa_Rau:

Aende na kaka yake siku ya kliniki wamuone daktari wa figo pamoja. Wataanza na kundi la damu, presha, sukari na hali ya figo zake mwenyewe, na asilazimishwe na mtu, daktari atataka kumsikia akiwa peke yake. Ndizi, menya, katakata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga hayo maji ndo upike tena kwa maji mapya. Potasiamu inapungua ila haiishi, kwahiyo ni kidogo na si kila siku, na kiasi gani akuambie mtaalamu wa lishe akiangalia kipimo chake cha damu cha mwisho. Mtori wenye supu nyingi hapana, maji yake yanahesabika kwenye kile kikombe.