Springi za bapa au koili nyuma ya pikapu za kiwandani za njia mbovu: nini hasa kinapotea?

Kiboko_4x4

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa kina. Pikapu zinazotoka kiwandani tayari kwa njia mbovu hazikubaliani kuhusu ekseli ya nyuma. Ford F-150 Raptor ilitumia springi za bapa (vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) tangu ilipoingia sokoni kama modeli ya 2010, ikaja kuhamia koili (chuma kilichozungushwa) kwenye kizazi cha 2021. Ram TRX ilizaliwa na koili. Ranger Raptor ina koili, wakati Ranger ya kawaida imebaki na bapa. Chevrolet Colorado ZR2 na Toyota Hilux GR Sport nazo zimebaki na bapa, pamoja na kwamba zinauzwa kwa sifa ya njia mbovu.

Kama koili ni bora, kwa nini wote hawajahamia? Na kwa anayebeba kilo 400 hadi 500 mara kwa mara, kwenye mawe na kwenye vile vijituta vidogo vinavyofuatana vya barabara ya vumbi, achague ipi? Tafadhali tusiishie kwenye "koili ni laini, bapa ni ngumu".

---

Fundi_Ekseli

Mkuu, anza na kazi zinazofanyika kule nyuma kabla ya kuangalia umbo la chuma. Ekseli inataka kubebewa uzito, kuzuiwa isisogee mbele na nyuma, isihame kushoto na kulia, na isijizungushe yenyewe torki (nguvu ya kuzungusha) inapoingia kwenye difu (gia za katikati ya ekseli). Springi ya bapa inafanya kazi zote nne peke yake. Koili inabeba uzito tu. Hayo mengine lazima yafanywe na mikono minne ya urefu na kitu kimoja cha kushika ekseli kwa upande.

Tatizo la bapa linaanzia hapo. Ukikanyaga mafuta gari ikipanda, magurudumu yanasukuma gari mbele na difu inajibu kwa kuinua pua yake juu. Springi inajikunja umbo la S. Tairi likiteleza kidogo, springi inajikunjua kwa ghafla, tairi linashika tena, springi inajikunja tena. Ule mdundo wa nguvu unaousikia chini ya bodi ndio huo, na ndio unaomaliza jointi za propela kabla ya wakati.

Kiwanda kina dawa zake. Kinaweka shokapu moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili zote mbili zipinge ule mzunguko. Kinafanya nusu ya mbele ya springi kuwa fupi na ngumu kuliko ya nyuma. Kinaongeza bapa. Lakini ukitaka gurudumu lipande na kushuka sana, unahitaji springi laini, na bapa laini kwa mwendo wa juu na chini ni laini pia kwa torki. Huwezi kuzitenganisha hizo mbili kwenye chuma kimoja. Raptor ya kizazi cha pili ilifika inchi 13.9 za mwendo wa gurudumu la nyuma ikiwa na bapa. Ya 2021, kwa koili na mikono mitano (minne ya urefu na mmoja wa upande), ilifika inchi 15 kwa tairi za inchi 35, na 14.1 kwa tairi za inchi 37. Ongezeko la inchi moja na kidogo linaonekana dogo. Faida kubwa zaidi iko kwenye udhibiti: torki sasa inapokelewa na mikono, na springi imeachiwa kazi yake ya kubeba.

Onyo kwa wanaoinua gari lenye bapa kwa kuweka vitalu vya chuma kati ya springi na ekseli: kitalu kinaongeza urefu wa wenzo kati ya ekseli na springi, kwa hiyo ule mkunjo wa S unakuwa mbaya zaidi. Kitalu juu ya kitalu usijaribu kabisa.

---

Hesabu_na_Chuma

Fundi_Ekseli kaeleza torki vizuri. Mimi naweka uzito mezani, maana naona ndio unaoamua kila kitu kwenye pikapu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gari tupu, uzito uliokaa juu ya springi za nyuma ni kilo 700. Springi laini, nyutoni 30 kwa milimita kila upande. Ukiweka kilo 500 juu ya ekseli, nyuma inashuka milimita 82. Ukiwa na springi ya nyutoni 60, inashuka milimita 41 tu. Sasa angalia upande wa pili wa hesabu: kwa springi laini, bodi tupu inapanda na kushuka kama mara 1.5 kwa sekunde, kiwango ambacho mwili wa binadamu unakivumilia vizuri. Kwa springi ngumu ni mara 2.1 kwa sekunde, na hapo abiria wa nyuma wanaanza kurushwa. Ukipakia zile kilo 500, springi ngumu inashuka hadi 1.6 na gari linatulia. Ndiyo maana pikapu ya kazi inapendeza ikiwa na mzigo.

Zile milimita 82 zimetoka kwenye nafasi iliyobaki kabla ya ekseli kugonga raba za kikomo. Anayetengeneza gari la kurukia matuta kwa kasi anataka nafasi hiyo ibaki yote, kwa hiyo anakupunguzia mzigo unaoruhusiwa. Raptor ya 2021 ilitangazwa na uwezo wa juu wa kubeba pauni 1,400, yaani kilo 635, abiria wakiwemo. TRX ilitangazwa na pauni 1,310, kama kilo 594. Kwa pikapu za ukubwa ule hizo ni namba ndogo. Ranger Raptor nayo inavuta tela la kilo 2,500 pale ambapo Ranger ya kawaida inavuta 3,500. Uingereza jambo hili linagusa hata kodi: uwezo wake wa kubeba uko chini ya tani moja, kwa hiyo haiingii kwenye kundi la pikapu za biashara kwa upande wa VAT kama ndugu zake.

Kwa hiyo usiseme koili haiwezi kubeba. Koili inaweza kufanywa ngumu kiasi chochote. Nissan Navara ya kizazi cha D23 ni somo zuri: ilikuja na koili kwenye gari la kawaida la kubeba tani, Australia wakalalamika kwamba nyuma inazama ikipakiwa, Nissan ikakaza springi na shokapu, kisha 2018 ikaleta koili zenye ugumu wa hatua mbili. Bapa inapata hatua hizo kirahisi zaidi, kwa sababu unaweka bapa la msaada chini linalogusa pale tu mzigo unapozidi. Kwa koili, hatua ya pili lazima ifichwe ndani ya mikunjo yenyewe, na ukikosea mahali inapoanza, unasikia gari linabadilika tabia katikati ya kona.

---

Njia_ya_Mawe

Nakubali hesabu, ila bapa hazijasemewa haki yake.

Kwanza, kuyumba. Ekseli nzima, yaani ile inayounganisha magurudumu mawili kwa bomba moja, inapinga kulala kwa bodi kulingana na umbali kati ya springi mbili, na umbali huo unazidishwa kwa wenyewe, yaani kwa kipeo cha pili. Springi zikiwa umbali wa milimita 1,100 kisha ukazileta ndani hadi 900 ili koili zipate nafasi, umebaki na asilimia 67 ya uwezo wa kuzuia kuyumba kwa springi zenye ugumu uleule. Theluthi nzima imekwenda. Inabidi stebilaiza (fimbo ya kuzuia bodi kulala) ifidie, na stebilaiza inapunguza uwezo wa gurudumu moja kushuka shimoni wakati lingine liko juu ya jiwe.

Pili, hesabu ya bushi. Bapa ina bushi 3 kila upande: moja jicho la mbele (tundu la ncha ya springi), mbili kwenye shako (kiungo kinachobembea nyuma ya springi). Jumla 6. Mikono minne na fimbo ya Panhard (fimbo moja ya kushika ekseli kwa upande) ni bushi 10. Mfumo wa Watt (fimbo mbili za upande zilizoungwa kwenye pivoti ya katikati) unafikisha 13 ukihesabu pivoti ya katikati. Kila moja ni raba inayokula vumbi na matope. Bushi ya mkono ikichanika, unasikia "ko!" kila unapoachia na kukanyaga mafuta, na ekseli inajielekeza pembeni kidogo. Halafu mabano ya mikono ya chini yananing'inia mbele ya ekseli, mahali hasa ambapo jiwe linapiga.

Udhaifu wa bapa upo pia. Kwenye vijituta vidogo, msuguano kati ya bapa na bapa unaishika springi isicheze kabisa. Mshtuko ukiwa mdogo kuliko msuguano, springi inakuwa kama kipande kimoja cha chuma na tairi ndilo linalobaki kufanya kazi ya springi. Dashibodi inatetemeka wakati nyuma haionekani kushuka hata kidogo. Dawa ni bapa chache nene zenye umbo la kuchongoka kuelekea ncha, zinazogusana mwisho na katikati tu, pamoja na vipande vya plastiki kwenye ncha. Vipande hivyo vikilika, chuma kinasugua chuma, kutu inaingia, na springi iliyokuwa laini inageuka ngumu bila mtu kujua kwa nini.

Na kuna senta bolti, ile inayopita katikati ya bapa. Wengi wanadhani ndiyo inayoishika ekseli. Hapana. Kazi yake ni kuelekeza tu. Kinachoishika ekseli ni mbano wa yubolti (bolti za umbo la U). Yubolti zikilegea, ekseli inaanza kusukuma ile bolti nyembamba mbele na nyuma hadi inakatika, kisha ekseli nzima inateleza upande mmoja. Ukifungua yubolti, weka mpya, maana nyuzi zake zimekwisha kuvutwa. Kaza kwa msalaba kwa torki ya kitabu cha gari, halafu rudi ukaze tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000, gari likiwa limesimama kwa uzito wake.

---

Shokapu_Moto

Mnajadili springi peke yake wakati vijituta ni vita ya shokapu. Piga hesabu: kilomita 60 kwa saa ni mita 16.7 kwa sekunde. Vijituta vikiwa na umbali wa sentimita 75, gurudumu linapigwa mara 22 kila sekunde. Nguvu yote hiyo inageuka joto ndani ya mafuta ya shokapu. Shokapu ya mirija miwili isiyo na presha ya gesi inatoa povu, na shokapu yenye povu haizuii kitu. Ndiyo maana Raptor zina Fox zenye kipenyo kikubwa, TRX ina Bilstein, na ZR2 imewekewa Multimatic zenye vali za spuli (silinda ndogo inayoteleza). General Motors, wenye Chevrolet, waliacha bapa pale pale wakatumia fedha kwenye shokapu, na naona walifanya uamuzi wa busara kwa gari linalotakiwa bado libebe.

Koili inasaidia shokapu kwa njia moja isiyosemwa: inafungua nafasi, shokapu ikasimama karibu wima. Shokapu iliyolala digrii 30 inatembea asilimia 87 tu ya mwendo wa ekseli, na nguvu yake ya kuzuia, ukiipima kwenye gurudumu, inabaki asilimia 75.

Kuhusu Panhard na Watt: fimbo ya Panhard inazunguka kwenye ncha moja, kwa hiyo ekseli ikipanda inavutwa pembeni. Fimbo ya urefu wa mita moja, ekseli ikipanda milimita 150 kutoka usawa, inahamisha ekseli milimita 11. Fimbo ya sentimita 70 inaihamisha 16. Kwenye gari pana mtengenezaji anaweka fimbo ndefu na jambo linaisha. Kwenye gari jembamba kama Ranger, ule mvuto unasikika kwa kasi, ndipo Watt inapolipa: pivoti ya katikati inaifanya ekseli ipande na kushuka karibu wima. Gharama yake ni uzito na zile bushi 13 alizohesabu Njia_ya_Mawe.

---

Kiboko_4x4

Hapa nimepata kitu. Mawili ya mwisho: kuna wanaoweka mifuko ya hewa ndani ya koili laini ili ibebe zaidi. Inafaa? Na vipi pikapu zenye nyuma huru, yaani kila gurudumu linacheza peke yake, kama Rivian R1T?

---

Hesabu_na_Chuma

Nyuma huru inapunguza uzito unaoruka na gurudumu, kwa sababu difu inafungwa kwenye chesisi. Lakini bodi ikizama kwa mzigo, difu nayo inazama, wakati kwenye ekseli nzima nafasi chini ya difu haibadiliki. Pia mzigo unabadilisha mlalo wa magurudumu, na tairi zinalika upande wa ndani. Rivian wanakwepa hilo kwa springi za hewa zinazorudisha kimo kilekile. Bila kitu kama hicho, kwa mzigo wako nisingeichagua.

Mfuko wa hewa unarudisha kimo tu. Uzito unaoruhusiwa kwenye ekseli haupandi hata kilo moja. Hatari kubwa ni kwenye gari la bapa, mfuko unapowekwa kati ya ekseli na chesisi: mzigo uliokuwa unaingia kwa sehemu mbili, jicho la mbele na shako, sasa unasukuma sehemu moja katikati. Ongeza tela na mzigo ulioning'inia nyuma, chesisi inapinda hapo juu ya mfuko. Kilo 300 kwenye kichwa cha duara cha kuvutia tela, mita 1.2 nyuma ya ekseli, kwa gari lenye mita 3.2 kati ya ekseli mbili, zinaweka kilo 412 kwenye ekseli ya nyuma na kuondoa 112 mbele.

Kabla ya kununua chochote, pima ulichonacho. Egesha mahali tambarare, sukumasukuma bodi ili msuguano uachie, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi pande zote mbili. Weka kilo 200 zinazojulikana juu kabisa ya ekseli, sukuma tena, pima. Ondoa mzigo, pima mara ya tatu. Ikiwa imeshuka wastani wa milimita 33, springi zako mbili kwa pamoja ni karibu nyutoni 60 kwa milimita. Kipimo cha kwanza na cha tatu vikitofautiana sana, una msuguano kwenye bapa au bushi zilizokazwa gari likiwa limeinuliwa. Kisha funga kamba ya plastiki ya nyaya kwenye fimbo ya shokapu, kama fimbo iko wazi, uisukume hadi chini kwenye mwili wa shokapu, upite njia yako ya kawaida ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Ikisukumwa hadi mwisho, unatumia mwendo wote na unahitaji springi ngumu zaidi. Ikibaki na nafasi ya theluthi, springi inatosha. Kama gari bado linarukaruka, fedha yako iende kwenye shokapu.

Kwa kilo 400 hadi 500 za mara kwa mara pamoja na watu wanne ndani, Raptor na TRX zinakuwa zimefika kikomo chake au kukipita. Chukua bapa yenye shokapu nzuri, au koili ya gari lililotengenezwa kubeba tani.