Ana Hashimoto miaka mingi, sasa biopsi inasema kansa ya thairoidi. Vinahusiana?

Nuru_K: Habari zenu wakuu. Dada yangu ana Hashimoto (kinga ya mwili inashambulia tezi ya thairoidi, ile ya shingoni), anameza levothairoksini, dawa ya homoni ya thairoidi, kila asubuhi na alikuwa yuko poa tu. Juzi kwenye ultrasaundi wakaona kinundu, wakakichoma sindano, majibu yanasema kansa ya papilari, ni aina ya kansa ya thairoidi. Yeye anajilaumu eti angefuata dawa vizuri isingegeuka kansa. Ni kweli? Na wamesema tezi za limfu shingoni zimevimba, ina maana imeshasambaa??

babu_wa_maabara: Poleni sana. Mwambie aache kujilaumu, Hashimoto haigeuki kansa. Ila hivi viwili vinakutana kwenye tezi moja mara nyingi, na toka miaka ya 1950 wataalamu wanabishana, wengine wanasema ule uvimbe wa muda mrefu wa tezi kushambuliwa na kinga ndo unaifungulia njia kansa, wengine wanasema ni vile mwenye Hashimoto anapigwa ultrasaundi sana kwa hiyo vinundu vinaonekana mapema. Kati ya kansa za thairoidi, papilari ndo inayotokea zaidi, huwa inakwenda polepole na wengi wanapona. Tezi za limfu msizihukumu bado, Hashimoto yenyewe huzivimbisha. Kama zina sura ya kutia shaka, mfano vichembe vya kalsiamu ndani, zichomwe sindano kabla ya operesheni maana hapo ndo wanaamua wakate kiasi gani.

MamaTuli: Naongezea, mimi nimepitia hayo hayo. Wakitoa tezi yote watakuwa wanapima thairoglobulini (protini inayotengenezwa na seli za thairoidi) kwenye damu kuangalia kama kansa imebaki, sasa sisi wa Hashimoto wengi tuna antibodi, yaani chembe za kinga, dhidi ya hiyo thairoglobulini na zinavuruga kipimo, kinaweza kusoma chini kabisa na kumbe kitu kipo. Kwa hiyo kila safari wapime vyote viwili, ikiwezekana maabara ileile, na waangalie antibodi zinashuka au zinapanda. Zangu zilishuka taratibu mno, nilikuwa nalia kila nikipewa karatasi. Halafu akisikia ganzi midomoni au vidoleni baada ya operesheni aseme hapohapo, hiyo ni kalsiamu imeshuka. Na vidonge vya kalsiamu avipishanishe na levothairoksini masaa 4.

Nuru_K: Mungu awabariki, nimemsomea yote. Anauliza sauti je? Ni mwalimu.

MamaTuli: Yaweza kukwaruza wiki za mwanzo, neva ya sauti inapita nyuma ya tezi palepale. Amuulize daktari mpasuaji anafanya thairoidi ngapi kwa mwaka, asione aibu kabisa, na amwambie mapema kazi yake ni kuongea.