Mnamwambia "sasisha kivinjari chako" mtu ambaye simu yake haisasishiki!

Ndugu zangu mnaotengeneza fomu za udahili, za leseni na za kulipia maji hapa Kampala, ule ujumbe wa "Tafadhali sasisha kivinjari chako" uondoeni leo. Simu ya Android 5 inaishia toleo la 95 la kivinjari cha Chrome. Android 6 inaishia 106, Android 7 kwenye 119, na Android 8 na 9 zimekomea 138. Kompyuta ya Windows 7 au 8.1 haivuki Chrome 109, ya Januari 2023. Mtu wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, atabonyeza Play Store mpaka bando limwishie, na bando lenyewe tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12, lakini toleo jingine hatalipata. Simu yenye hifadhi ya GB 8 iliyojaa picha haifiki hata hiyo 95. Inabaki na Chrome iliyotoka nayo kiwandani.

Mkiulizwa, mnajibu kwamba mlipima kwenye simu. Simu gani? Mlifungua Chrome ya mwezi huu, mkabonyeza F12 kufungua zana za watengenezaji kwenye kompyuta, mkachagua umbo la simu ndogo. Pale hubadilika upana wa kioo na jina ambalo kivinjari hujitambulisha nalo kwa seva. Injini ni ileile mpya. Kasoro ya Chrome 79 haitaonekana humo hata mkikesha.

Kasoro ya kwanza ni alama za `?.` na `??` kwenye JavaScript. Zimeanza kueleweka Chrome 80. Chini ya hapo kivinjari hakiruki mstari huo mmoja tu, kinakataa faili zima kabla ya kuliendesha. Ndiyo maana kitufe cha Tuma kinabonyezwa na hakuna kinachotokea, wala ujumbe wa kosa. Msiniambie mna Babel, kigeuzi cha msimbo mpya kuwa wa zamani: katika miradi mingi imewekwa iruke `node_modules`, folda ya msimbo ulioandikwa na wengine, na alama hizo zimejaa humo humo. Na kubadilisha alama pekee hakutoshi. Kuna na amri mpya za JavaScript: `replaceAll` inahitaji Chrome 85 na `.at()` inahitaji 92. Bila core-js, maktaba inayoongeza amri hizo kwenye kivinjari cha zamani, faili litasomeka vizuri kisha life katikati ya kazi, pengine baada ya mtu kujaza kurasa tatu.

Ya pili ni CSS, lugha ya mitindo ya kurasa. Mnapakua Tailwind 4, mkusanyo wa mitindo ya CSS, kwa sababu ndiyo mpya, ilhali walioitengeneza wameandika wazi kwamba inataka Chrome 111, Safari 16.4 na Firefox 128. Mitindo yake imefungwa ndani ya `@layer`, yaani tabaka za CSS, na `@layer` imeanza Chrome 99. Kwenye Chrome 95 kila kilichomo humo kinapuuzwa, ukurasa unabaki uchi, maandishi yamerundikana upande wa kushoto. Kuna na mtego wa `gap`, nafasi kati ya vitu vilivyopangwa kwa grid au flexbox, njia mbili za CSS za kupanga ukurasa. Ndani ya grid inafanya kazi tangu Chrome 66, ndani ya flexbox tangu 84. Ukiuliza kivinjari kwa `@supports (gap: 1px)`, Chrome 75 inajibu "naijua", halafu vitufe vyako vinagandana. Hapo tumia `margin`, basi.

Cheti cha usalama nacho mnakisahau kwa sababu mnapima kwenye localhost, yaani kompyuta yenu wenyewe. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt hutegemea mzizi ISRG Root X1, cheti mama ambacho simu lazima iwe inakiamini, na Android iliyo chini ya 7.1.1 haina mzizi huo. Njia ya kupitia mzizi wa zamani ilikwisha Septemba 2024. Kwa hiyo Chrome ya Android 6 inatoa onyo jekundu kabla hata ukurasa wako haujafunguka, na mtu anadhani ni matapeli. Firefox hubeba orodha yake ya vyeti, hivyo inapita kwenye simu ileile. Hili litaonekana tu mkipima kwa anwani halisi.

Kivinjari cha Opera Mini kikiwa kwenye uokoaji mkubwa wa data, ukurasa hufunguliwa kwenye seva zao, JavaScript hukimbia sekunde chache kisha husimamishwa, na fonti zenu za aikoni hazifiki kabisa. Kitufe chenye aikoni peke yake kinakuwa kisanduku kitupu. Andikeni neno!

Kupima kwenyewe hakuna uchawi. Chukua Chromium ya zamani, kivinjari ambacho Chrome imejengwa juu yake, kwenye hifadhi ya Google ya matoleo ya kila siku, iendeshe kwa `--user-data-dir` yenye folda yake pekee, isiguse wasifu wa Chrome yako. Chrome for Testing, Chrome ya Google ya kupimia, inaanzia 113, hivyo kwa 95 haikusaidii. Firefox 115 ESR, ya mwisho kwa Windows 7, ipo kwenye kumbukumbu za Mozilla. Izimie usasishaji wa kujiendesha mara tu unapoifungua, la sivyo kesho unapima kitu kingine bila kujua. Kisha tafuta simu kuukuu ya Android 6, washa USB debugging, iunganishe na kompyuta kwa waya, andika kwenye kompyuta `adb reverse tcp:3000 tcp:3000`, na fungua `localhost:3000` kwenye simu hiyo. Kurasa zinapita kwenye waya, bila bando. Makosa utayasoma kwenye kompyuta kupitia `chrome://inspect`.

Na anayetumia Vite 7, chombo cha kufungasha msimbo wa tovuti, ajue kwamba asipoiambia kitu inalenga Chrome 107 kwenda juu. Weka `@vitejs/plugin-legacy` na utaje matoleo kwa namba. Kabla ya hayo yote, fomu iwe na `action` (anwani inakotumwa) na `method="post"` (namna ya kuituma) za kweli, itumike hata JavaScript ikifa.

Ninyi mnaolipia kazi hizi, andikeni kwenye mkataba: Chrome 95, Chrome 109, Firefox 115, Opera Mini, na simu moja ya Android 6. Awamu ya mwisho ya malipo ikae mpaka muone fomu ikijazwa na kutumwa kwenye kila kimoja, mbele ya macho yenu.