MREJESHO: "Kuwa kama mtoto" na maswali yangu ya imani

Wakuu, shalom. Niliuliza humu kama Mathayo 18:3, pale Yesu anaposema tusipokuwa kama watoto hatutaingia katika ufalme wa mbinguni, inamtaka Mkristo mtu mzima aache kuhoji, maana kiongozi wa kikundi chetu cha Biblia ananifunga mdomo kwa mstari huo kila nikiuliza jambo. Asanteni sana mliojibu, hata wewe uliyenitania.

Kilichonisaidia zaidi ni kurudi mstari wa 1. Kumbe wanafunzi walikuwa wanauliza nani mkubwa! Ndipo Yesu anamweka mtoto katikati yao, na mstari wa 4 unataja kunyenyekea, hausemi lolote kuhusu kutouliza. (Mwenye mtoto wa miaka minne nyumbani anajua "kwa nini" haziishi.) Nikaongeza 1 Wakorintho 14:20: katika uovu tuwe watoto wachanga, akilini tuwe watu wazima. Niliisoma kikundini, pakawa kimya, kisha mama mmoja akasema, "Basi na mimi nina swali la siku nyingi."

Kiongozi hajabadilika. Nilimfuata faragha kama mlivyoshauri. Alinisikiliza kwa heshima, akaniombea, basi.

Zile sala fupi mlizonishauri, za kuomba kama mtoto anavyoomba chai, nimeziweza nusu. Ada ya shule naiombea bila maneno mengi. Kwa ugonjwa wa mama bado nakwama, naishia kwa yule baba wa Marko 9:24, aliyemletea Yesu mwanawe amponye: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu."

Mwenye swali kama langu aanzie mstari wa 1, asirukie wa 3.