Naombeni ushauri: gemu, kinanda na masomo ndani ya mapumziko ya siku nne

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, na kuanzia Ijumaa tutakuwa na mapumziko ya siku nne. Nina insha ya historia ambayo bado sijaianza, maswali ya hisabati ya mada nzima ya logarithimu, na jaribio la kemia Jumanne tutakaporudi darasani. Wakati huohuo najiandaa kupiga kinanda katika onyesho la kikundi chetu, na kuna sehemu ya mkono wa kushoto ambayo vidole vyangu bado havijaizoea. Marafiki zangu nao wameandaa mashindano ya gemu ya mpira kwa njia ya mtandao, kila siku saa nne usiku.

Wazazi wangu wanataka gemu niiweke kando kabisa. Ninawaheshimu, lakini humo ndimo ninamokutana na rafiki yangu aliyehamia shule nyingine, na kinanda nakipenda kwa dhati. Nipange vipi siku hizi nne? Na je, ni sawa kusoma huku nikisikiliza nyimbo? Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mdogo wangu, jambo la kwanza ni kutambua kwamba kazi zako tatu za shule hazifanani, kwa hiyo usizipange kana kwamba zinafanana. Insha inahitaji kuanzwa mapema, hata kwa nusu saa ya Ijumaa: soma swali, andika hoja zako kwa ufupi, kisha iache. Ukirudi Jumamosi asubuhi utakuta mengine umekwisha kuyafikiria bila kukaa mezani. Hisabati ifanye kwa mkao mmoja au miwili, ukiwa na akili changa.

Kemia ndiyo isiyokubali kulundikwa Jumatatu usiku. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mara tu baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunasaidia kuliko kurudia mfululizo. Kwa hiyo gusa kemia kila siku, kidogo kidogo. Tena usiishie kusoma daftari upya. Lifunge, chukua karatasi tupu, andika milinganyo ya asidi na besi unayoikumbuka, ndipo ulifungue ujisahihishe. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha njia hizo mbili: baada ya dakika chache waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojipima wakawa mbele. Ndiyo maana kusoma upya kunampa mtu hisia ya kujua ambayo humtupa mkono siku ya mtihani.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mpiga kinanda, kwa hiyo nitajibu upande huo. Dakika ishirini au thelathini kila siku zitakufaa kuliko saa tatu za Jumapili, ila ukikaa usianze wimbo mwanzoni na kuushusha hadi mwisho, kwa sababu sehemu nyepesi zitakula muda wote. Nenda moja kwa moja panapokukwaza. Piga mkono wa kushoto peke yake, kwa mwendo wa polepole ambao hukosei hata noti moja, kisha ongeza mwendo wa metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) kidogo tu kila unapofaulu. Ukishatulia, anzia noti chache kabla ya sehemu hiyo, maana mara nyingi vidole hukwama pale mlangoni, kabla hata ya kuingia ndani.

Kuhusu kusikiliza nyimbo, unapoandika insha au kusoma maelezo ziweke mbali, kwa kuwa maneno ya wimbo hugombania akili ileile inayoshughulika na maneno ya kitabu. Muziki usio na maneno una nafuu, ingawa wewe unayejifunza kinanda huenda ukajikuta unafuatilia mkono wa mpigaji badala ya logarithimu.

Mchangiaji wa tatu

Ninaandika kama mzazi. Ninaelewa hofu ya wazazi wako, lakini kucheza wakati wa mapumziko si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, na kinachotazamwa ni mtu kushindwa kujizuia hadi maisha yake yakaathirika, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi kumi na miwili.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo saa nne usiku. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 wanashauriwa kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku, na ni usingizini ubongo unapoyaimarisha yale uliyosoma mchana. Waombe wenzako mcheze jioni. Halafu, kwa kuwa mechi ya mtandaoni haisimamishwi katikati, wazazi wako uwaahidi idadi ya mechi, usiwaahidi dakika. Ukisema "mechi tatu", mama hatakuja kuzima mtambo dakika ya themanini.

Mchangiaji wa nne

Naheshimu yaliyosemwa, ila mimi ningecheza Ijumaa na Jumamosi tu. Jumatatu ni mkesha wa jaribio.

Mleta mada

Asanteni sana, wakuu. Wenzangu wamekubali tuanze saa kumi na mbili jioni, na baba ameridhia mechi tatu kwa siku, isipokuwa Jumatatu. Swali moja limebaki: Jumapili ikifika na insha haijakamilika, niache kinanda au kemia?

Mchangiaji wa kwanza

Usiache chochote kabisa. Kinanda kipe dakika kumi za ile sehemu ngumu tu, kemia karatasi moja ya kujipima, na muda wa mechi za siku hiyo uhamishie kwenye insha. Wajulishe wenzako mapema ili wapange timu bila wewe.